Usiyaruke Majina

Chake Chake, Pemba

Mwanangu Haitham,

Assalaam alaykum. Huku nyumbani hatujambo, alhamdulillah. Mama yako amesharudi kutoka Wete na mvua za masika zimeanza kushika. Ami yako kanambia kuwa skuli unaendelea vizuri, na kwamba jioni kabla ya Magharibi unapitia kwenye kibanda cha gemu hapo Kikwajuni, Unguja. Sikuandikii kukugombeza kwa hilo. Nakuandikia kwa neno ulilolisema kwenye simu, kwamba gemu ikimalizika na majina yakaanza kupanda kwenye skrini, wewe hubonyeza pedi yapite, kwa sababu gemu "zinatengenezwa na makampuni tu". Neno hilo limenikaa kifuani tangu siku ile.

Kampuni, baba, ina jengo na akaunti ya benki. Aliyeamua mpira udunde vipi, adui atokee upande gani na muziki uende kasi lini, ni mtu aliyekaa kitako akafikiri. Nataka nikutajie baadhi yao.

Unaijua ile mashine kuukuu ya gemu iliyo kwenye rafu ya juu dukani kwangu, ile inayopachikwa kaseti. Mashine za namna ile ndizo zilizokuwa zikijaa mezani kwa fundi aliyenifunza kazi, miaka ya tisini, khasa zikikaribia siku za Sikukuu. Ukiifungua kaseti yake ndani mna kibao kimoja cha kijani, na ukingoni mwa kibao safu ya meno ya shaba. Kwetu sisi tulio kando ya bahari ugonjwa wake ni mmoja: hewa ya chumvi huyala yale meno, gemu ikagoma kuwaka. Tiba ni kitambaa laini na spiriti kidogo. Unafuta kwa kufuata urefu wa meno, si kwa kuyakata, kisha unayaacha yakauke.

Basi kaseti ile ina watu wake. Mmoja wao ni Jerry Lawson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1940. Ujanani alikuwa akitengeneza televisheni za watu apate pesa, kazi hii hii ninayoifanya mimi. Baadaye akawa mhandisi wa kampuni ya Fairchild huko California, na mwaka 1976 timu aliyoiongoza ikatoa Channel F, mashine ya kwanza ya nyumbani ambayo unachomoa gemu na kupachika nyingine yenye programu yake yenyewe. Kabla ya hapo, kwa mashine nyingi, ulichokinunua ndicho ulichobaki nacho, ukikichoka, basi. Wazo la mwanzo lilikuwa la wahandisi wawili wa kampuni nyingine, Wallace Kirschner na Lawrence Haskel. Lawson na wenzake ndio waliolifanya likawa kitu ambacho mtoto anaweza kukipachika na kukichomoa kila siku bila ya kukiharibu. Mashine yenyewe haikufika mbali sokoni, kwani kampuni nyingine ya gemu, Atari, ilikuja ikaifunika. Lawson alifariki Aprili 2011. Mwezi mmoja kabla yake ndiyo kwanza jumuiya ya kimataifa ya watengenezaji wa gemu ilimtunuku kwa kazi ile, miaka 35 baadaye. Mimi nimefuta meno ya kaseti ujana wangu wote na hapakuwa na mtu wa kunitajia jina lake. Wewe nataka ulijue sasa hivi, na miaka yako 16.

Hiyo Atari nayo ina kisa. Zama hizo ilikuwa haiandiki majina ya waliotengeneza gemu zake, si kwenye boksi wala kwenye skrini, na gemu moja mara nyingi ilikuwa kazi ya mtu mmoja: yeye aliandika programu, yeye akachora, yeye akatia sauti. Warren Robinett alikuwa akitengeneza Adventure, gemu ya kukitafuta kikombe kilichoibwa, huku na huku mna makasri na majoka. Programu nzima ilikuwa ya kilobaiti 4. Picha moja unayomtumia mama yako kwa simu inaipita hiyo mara mamia. Ndani ya nafasi finyu namna hiyo Robinett akajenga chumba cha siri. Ili uingie, kwanza uipate nukta moja ya kijivu iliyowekwa juu ya kijivu, karibu haionekani kabisa, uibebe mpaka mahali pake, ndipo ukuta ukupishe. Humo ndani mna maandishi yanayobadilika rangi yanayosema kuwa gemu hii imetengenezwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu, hata mkuu wake wa kazi. Akaacha kazi akaondoka. Gemu ilipotoka madukani, kijana wa miaka 15 wa Salt Lake City, mdogo kuliko wewe, alikiona chumba kile akaiandikia kampuni barua. Ndivyo Atari ilivyopata kujua.

Wapo wanaokihadithia kisa hiki kama utundu wa kijana. Mimi sikioni hivyo. Namwona mtu aliyemaliza kazi yake, akaambiwa jina lake halina nafasi, akalitafutia nafasi mwenyewe.

Wenzake wanne walipita njia nyingine. David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead waliona gemu zao zinaiingizia kampuni mamilioni ya dola nao wamebaki na mshahara wao tu. Wakatoka, na mwaka 1979 wakaanzisha Activision, ambako jina la mtengenezaji liliandikwa palipoonekana. Huko ndiko Carol Shaw alikotengenezea River Raid, iliyotoka mwaka 1982. Ni gemu ya ndege inayoruka juu ya mto mrefu, na hiyo pia ni kilobaiti 4. Mto ule ungechorwa wote, usingeenea. Shaw hakuuchora. Aliandika hesabu ambayo ukiipa namba moja ya kuanzia inatoa ya pili, na ya pili inatoa ya tatu, hivyo hivyo, na kila namba inaamua kingo za mto ziende wapi na kisiwa kikae wapi. Kwa kuwa namba ya kuanzia haibadiliki, mto unatoka ule ule kila ukicheza. Hebu isome tena hiyo, Haitham, kisha mwoneshe mwalimu wako wa hisabati. Unaniuliza kila siku hisabati ina kazi gani. Kazi yake mojawapo ni kuuzaa mto mzima kutoka kwenye namba moja.

Japani nako majina yalifichwa. Kampuni ya Nintendo ilianza mwaka 1889 mjini Kyoto kwa kutengeneza karata (karata hasa, za kuchezea, ila za kwao huchorwa maua). Ilipotoa The Legend of Zelda mwaka 1986, watu waliandikwa mwishoni kwa majina ya utani, na Koji Kondo, mtunzi wa muziki wake, ameitwa Konchan. Mwaka mmoja nyuma yeye na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka walikuwa wameshatoa Super Mario Bros. Kaseti hiyo ninayo. Ukija likizo nikumbushe nikuoneshe wingu na kichaka. Ni picha moja: ikiwekwa juu ikatiwa weupe ni wingu, ikiwekwa chini ikatiwa kijani ni kichaka. Gemu nzima ilikuwa na kilobaiti 40, ikabidi picha moja ifanye kazi mbili. Lakini kaseti nyingi zilizofika kwetu zilikuwa za kunakili, na wanakilishaji aghalabu walilifuta jina la kampuni kwenye skrini ya mwanzo. Kwa hiyo watoto wengi wa Chake na Mkoani walikua wakimpenda Mario bila ya kukutana na jina la Miyamoto hata siku moja.

Tetris, ile ya kupanga vipande vinavyoshuka, unaijua, haina haja ya maelezo. Aliyeibuni ni Alexey Pajitnov, Moscow, miaka ya themanini, na kwa miaka mingi pesa zake zilikwenda kwa wengine. Yeye alianza kulipwa mwaka 1996. Aliyemsaidia kuihamishia kwenye kompyuta za IBM, Vadim Gerasimov, alikuwa mwanafunzi wa miaka 16.

Na usije ukadhani habari hii ni ya mbali tu. Kameruni yupo Olivier Madiba. Gemu yake aliianza kwenye mawazo mwaka 2003, ikatoka mwaka 2016 kwa jina la Aurion: Legacy of the Kori-Odan, kutoka kampuni yake ya Kiro'o Games mjini Yaoundé, mji ambao umeme hukatika. Sisi wa visiwa hivi hatuna haja ya kuelezwa hilo. Unguja ilikaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na Pemba tulitegemea majenereta mpaka waya wa chini ya bahari ulipotufikia kutoka Tanga mwaka huo huo 2010. Jirani zetu Kenya, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha akaungana na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts. Watu hawa ni wa zama zetu hizi. Ukitaka kuwasoma, watafute kwa majina yao.

Sasa kazi. Laptopu uliyoniomba nimemaliza kuitengeneza, inakuja na meli ya Jumamosi, atakuletea ami yako mdogo. Mama yako ana masharti mawili, na mimi nimeyakubali: isiguswe kabla ya kazi za skuli, na ifungwe saa 4 usiku.

Nataka utengeneze gemu yako mwenyewe, na uanze na bao. Mashimo 32, kete 64, kila mtu 32. Mwanzo wa mchezo kila mmoja ana kete 6 kwenye nyumba, lile shimo lake maalumu, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, na 22 zimebaki mkononi za kunamua, yaani za kuingizwa mchezoni moja moja. Hayo kuyaandika ni rahisi. Ugumu utaukuta kwenye nyumba yenyewe. Unanamua, umekula, unasambaza, kete yako ya mwisho inaangukia nyumbani. Hapo sheria haikulazimishi: una khiari ya kulala, zamu yako ikaishia hapo, au kusafiri, ukazizoa kete za nyumba ukaendelea kusambaza. Programu yako itabidi isimame imuulize mchezaji. Na ukimfanya acheze na kompyuta, itabidi uifundishe kompyuta lini ni busara kulala, jambo ambalo babu yako anachukua muda mrefu kulifikiria na kahawa ikampoa.

Aliyetunga khiari ile hatumjui. Hatujui kama alikuwa mmoja au vizazi, na mimi jambo hilo linaniuma, kwa sababu ni kazi ya akili kubwa kama yoyote niliyokutajia humu. Jina lake haliokoleki tena. La babu yako bado linaokoleka. Nimeshazungumza naye, amekubali kukusomesha kwa simu baada ya Isha, kuanzia namua mpaka mtaji, ile sehemu ya pili kete za mkononi zikisha, na kukwambia nani alimfunza yeye. Mwisho wa gemu yako nataka nilione jina lake, na la aliyemfunza, na la kila atakayekuchorea kete au kukusahihishia kosa, hata akiwa mtoto wa jirani.

Anza na namua peke yake, mtaji uache mpaka namua iende bila ya makosa. Waya wa chaja nimeuunganisha karibu na kichwa chake, usiukunje hapo.

Msalimie ami yako na watoto wote.

Wasalaam,
Baba yako