Bangili ya njano haimshiki mtu asianguke

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na sijawahi kuliandikia hata mstari. Lakini ile taarifa yenu ya wiki iliyopita, ya wodi ya utengamao iliyopongezwa kwa sababu kila mgonjwa hupimwa hatari ya kuanguka siku anapolazwa, imenitafutia kalamu. Wote hupimwa. Sawa. Halafu?

Baba yangu alipimwa. Alilazwa wodi ya namna hiyo baada ya kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto. Muuguzi akaja na fomu ya Morse, ya kupimia hatari hiyo kwa alama, yenye mambo sita: umewahi kuanguka, una ugonjwa mwingine, unatembea kwa kushika nini, una dripu, hatua zako zikoje, na mwisho, chooni unaweza kwenda mwenyewe? Mzee ni mtu wa adabu zake, akajibu alichoona muuguzi anataka kusikia: "Hapana mwanangu, nitawaita." Kwa jibu hilo akaandikiwa sifuri, yaani anajua mipaka yake, hapo hakuna hatari. Hata hivyo jumla ikapita 45, ambapo hospitali nyingi huanza kuhesabu hatari kubwa, akavishwa bangili ya njano. Nikatupa macho wodi nzima: kila mkono una bangili ya njano. Wodi ya watu wanaojifunza kutembea upya, mlitarajia rangi gani?

Kilichomwangusha hakimo kwenye fomu. Kiharusi kilimfanya asijue kwamba ana upande wa kushoto. Kwenye sahani alimaliza nusu ya kulia, ile nyingine akaiacha pale pale huku akilalamika kwamba wamempunja. Na kengele ya kumwitia muuguzi ilitundikwa wapi? Kushoto. Nilisema siku ya pili tu. Nikaambiwa waya haufiki upande wa pili. Siku aliyolazwa hakuweza hata kujiinua kitandani, sasa angeangukaje? Wiki ya pili mazoezi yakamkubali, akawa anasimama mwenyewe ila kugeuka bado, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipoanza; fomu kwenye faili ni ile ile, yenye tarehe ile ile. Jioni moja wakampa dawa ya kukojosha. Saa nane usiku mkojo ukambana, akapapasa kengele kulia, hakuna, akasimama. Nyonga ikavunjika. Kwenye faili wakaandika: "Mgonjwa alikutwa sakafuni." Alikutwa! Kana kwamba ni mwavuli wa mtu. Na mimi nikaulizwa mbona sikumletea viatu visivyoteleza.

 

Si kwamba hili halijulikani. Uingereza, taasisi yao ya miongozo ya afya, NICE, iliziambia hospitali mwaka 2013 ziache kutumia vipimo vya kutabiri nani ataanguka. Kila mgonjwa wa miaka 65 na zaidi ahesabiwe yuko hatarini, kisha atazamwe mwenyewe: macho yake, dawa zake, mkojo wake, viatu vyake, kumbukumbu yake. Nyie mkaandika habari ya fomu, na picha ya bangili mkaweka.

Ninalo pendekezo. Kila anayejaza fomu hiyo afungwe mkono wa kushoto kwa kitambaa, azibwe jicho la upande huo huo, anyweshwe vikombe vinne vya maji saa tatu usiku, kisha alazwe kwenye kitanda cha baba yangu. Saa nane aitafute kengele. Akiikosa, basi wafunge waya mrefu zaidi. Nilipima kwa kamba ya kiatu changu: zinatakiwa mita mbili tu. Nitaununua mimi.

Mtoto wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani