Harambee ya Kitabu cha Watoto: Wavalencia Walitoka Wapi?

Wazazi, walezi na marafiki wa darasa letu la Kiswahili hapa Valencia, salaam.

Kila Oktoba 9 ikikaribia, wanetu hufundishwa shuleni kwamba siku hiyo, mwaka 1238, Mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragon aliingia katika mji huu. Ni kweli. Ila mji aliouingia ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,300. Warumi ndio waliouanzisha, mwaka 138 kabla ya Kristo, wakawagawia ardhi askari waliomaliza vita. Na kabla yao Waiberi, watu wa kale wa Uhispania, walikuwa na mji wao, Edeta, palipo na Llíria leo.

Kisha kuna zile karne tano za Waislamu, mji ukiitwa Balansiya, ambazo watoto wanazijua kwa mavazi ya sherehe tu. Kumbe mashamba ya hapa bado yanaishi kwa mifereji iliyotanuliwa zama hizo. Nendeni Alhamisi saa sita mchana kwenye Mlango wa Mitume wa kanisa kuu: wakulima waliovaa blauzi nyeusi huketi kuamua kesi za maji ya mto Turia. Hakuna wakili wala karatasi, na mwenyekiti huonyesha kwa mguu zamu ya nani kusema.

Walioingia na Jaume, wengi wakiwa Wakatalunya na Waaragon, waliwakuta wenyeji Waislamu, wakaishi nao. Wazao wa wenyeji hao walibatizwa kwa nguvu, halafu mwaka 1609 wakafukuzwa, wakapakiwa melini Dénia na bandari nyingine kupelekwa Oran, Afrika Kaskazini. Karibu theluthi moja ya watu wa ufalme wa Valencia iliondoka. Vijiji vikabaki mahame, hadi familia kutoka kisiwa cha Mallorca zikaletwa kujaza mabonde ya Marina, eneo la Dénia. Sura hii ndiyo ndefu kuliko zote kitabuni, na hatutaifupisha.

Maandishi yako tayari, kwa Kiswahili chepesi. Kilichobaki ni mchoraji na uchapaji wa nakala 150, jumla euro 1,400. Tunaomba kila familia euro 15. Mwenye zaidi azidishe, asiye nazo sasa aandikishe ahadi. Mtoto atapata nakala hata kama nyumbani mambo ni magumu.

Tukutane Jumamosi ya mwisho wa mwezi, darasani, saa kumi jioni. Mweka hazina atakuwa mlangoni na daftari lake. Kamati ya chai inasisitiza: mandazi ni ya kuuza, si ya kuonja.