Asante uliyenionyesha kupekua michoro

Ndugu usiyependa kutajwa, asante. Katika katuni yangu ya kusogea, mkono wa mhusika wangu ulitetemeka kila nilipochora picha za kati (zile zinazojaza mwendo kati ya michoro mikuu), ingawa michoro ya jirani ilionekana kwa ukungu chini yake. Ulinieleza kuwa ukungu huonyesha nafasi tu. Mwendo huonekana kwa kupekua, yaani kupitisha michoro haraka mmoja baada ya mwingine, kama wachoraji wa karatasi wanavyobana kurasa vidoleni na kuzipindua. Ukanipangia vitufe vya kuruka mchoro hadi mchoro, si fremu (picha moja moja ya video) hadi fremu, maana kwa fremu 24 kwa sekunde kila mchoro wangu hukaa fremu 2. (Hilo pekee lilitosha!) Kisha ukanirekodia video: unachora mstari, unapekua, unafuta kiwiko kilichotoka nje ya tao la mwendo wa mkono, unapekua tena. Wenye ujuzi, warekodieni hivyo wanaohangaika.