Risala ya Wahitimu wa Shahada ya Mikrobiolojia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mkuu wa Chuo, wahadhiri wetu, wazazi na walezi, wahitimu wenzangu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi ukaja kuwa nasi katika mahafali haya. Furaha yetu ni kubwa zaidi kwa kuwa wengi wetu tutabisha hodi kwenye maabara unazozisimamia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukiwa fildi tulibaini kwamba mhitimu wa mikrobiolojia hapimwi kwa wingi wa majina ya bakteria aliyoyakariri. Anatakiwa akague sampuli kabla ya kuipokea: ina jina la mgonjwa, ina saa ilipochukuliwa, chombo hakivuji? Anatakiwa ajue kwamba dakika 15 za otoklevu, mashine ya kuua vimelea kwa mvuke, huhesabiwa joto likishafika nyuzi 121, si tangu ilipowashwa. Joto la jokofu aliandike asubuhi na jioni kama alivyolisoma, asijaze safu ya wiki nzima siku ya Ijumaa.

Kipimo cha kujua dawa ipi inaua vimelea vya mgonjwa ndicho kilichotufunza zaidi. Vimelea huchanganywa kwenye maji ya chumvi mpaka maji yafifie sawa na kipimo cha 0.5 cha McFarland, yaani mfano wa kulinganishia, vikapakwa juu ya aga, chakula kilichoganda cha kuoteshea vimelea, vikawekewa vidonge vya karatasi vyenye dawa, vikalala kwenye inkubeta, kabati lenye joto la kuotesha vimelea, kwa saa 16 hadi 18. Kisha tunapima kwa rula, kwa milimita, duara ambalo hakijaota kitu. Mchanganyiko ukiwa mzito kwa kujaa vimelea kupita kiasi, duara hupungua, na dawa ambayo ingemponya mgonjwa inaweza kuandikwa kuwa imeshindwa. Daktari atahamia dawa ya bei kubwa zaidi kwa sababu tu mtu wa maabara alikuwa na haraka. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Ndiyo maana kosa hilo kwetu si dogo.

Tulijifunza pia kuzungumza na wodi. Bakteria wakionekana kwenye maji ya uti wa mgongo, daktari anapigiwa simu papo hapo. Majibu hayasubiri mhudumu aje kuyachukua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu kubwa ni fildi yenyewe. Mara nyingi tulijazana kwenye benchi moja, mmoja akifanya kipimo na wengine wakitazama. Kwa kazi ya mikono, kutazama hakutoshi. Tunaomba ofisi yako iwapangie wadogo zetu zamu za watu wachache wachache katika maabara za mkoa, kila mmoja awe na msimamizi atakayetia saini kwa kila kipimo alichokifanya mwenyewe.

Tunaomba pia utusaidie kupata mtaalamu wa kuhakiki kabati letu la usalama wa kibaiolojia, linalomkinga mtu wa maabara asivute hewa yenye vimelea. Bila uhakiki huo hatuwezi kuotesha makohozi ya mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu. Nchi iliyopata mlipuko wa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, kule Kagera mwaka 2023 inahitaji watu waliozoea kujikinga tangu wakiwa wanafunzi.

Baada ya kutunuku vyeti, tunakukaribisha ukague maabara yetu. Sahani tulizopandikiza jana zitakuwa tayari kusomwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa kwa niaba ya wahitimu wote.