Mbona Mtunya haumo?

Mhariri,

Tangu lije somo la Historia ya Tanzania na Maadili, vijiweni hapa Bahi ubishi hauishi: nani kaachwa kwenye habari za uhuru, Mapinduzi ya 1964 yaelezweje. Wabishane, sina neno.

Mimi Mgogo nina langu. Daftari la mjukuu wangu limejaa Vita Kuu ya Kwanza, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kapigiwa mstari kwa wino mwekundu. Mtunya haumo kabisa! Njaa ile ya 1918 hadi 1920 ilifyeka Ugogo baada ya Wajerumani, kisha Waingereza, kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikagoma.

Operesheni Dodoma ya 1971 imepewa sentensi moja: "Wananchi walihamia vijiji vya ujamaa." Walihamia! Baba yangu alipakiwa kwenye lori, mtama ungali shambani. Na bado alimpenda Nyerere hadi anaingia kaburini. Yaandikwe yote mawili, mtoto wa kidato cha kwanza hatapasuka kichwa.

Taasisi ya Elimu itume watu Bahi, Chamwino na Mpwapwa kabla ya toleo lijalo la kitabu. Kwa wazee nitawapeleka mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Bahi, Dodoma