Gharama si sababu ya kutowapima wabunge wa majimbo

Mhariri,

Kila anapotokea mbunge wa bunge la jimbo, kama Florida au Ohio, hapa Marekani akapendekeza kwamba wabunge nao wapimwe dawa za kulevya kwa kushtukizwa, jibu la kwanza huwa ni gharama. Naomba nafasi nilijibu, kwa kuwa hesabu zipo, na zimetoka serikalini.

Mwaka 2011 Florida ilipitisha sheria ya kumpima kila mzazi maskini aliyeomba msaada wa fedha kwa ajili ya familia yake. Mwombaji alijilipia kwanza, na aliyekutwa hana kitu akarudishiwa fedha zake. Katika miezi isiyozidi 4, kabla ya mahakama ya shirikisho kuisimamisha sheria hiyo, walipimwa watu 4,086. Waliokutwa na dawa ni 108, hata 3 kwa kila 100 hawafiki. Jimbo lilirudisha dola 118,140, nyingi kuliko ilizookoa kwa kuwanyima msaada hao 108. Ukigawanya, ni kama dola 30 kwa kila aliyerudishiwa. Sasa Bunge la Florida lina wawakilishi 120 na maseneta 40. Kuwapima wote mara moja kwa bei hiyo ni dola 4,800. Ongeza malipo ya daktari wa kuhakiki majibu na ya karani wa kuchagua majina, bado hizo si fedha za kuitikisa bajeti ya jimbo.

Mimi ni dereva wa lori, kupimwa nakujua. Simu ya kampuni ikiingia, unatakiwa kwenda kliniki moja kwa moja. Unatoa kila kitu mfukoni, koti unaliacha nje. Maji ya chooni yametiwa rangi ya buluu na bomba limefungwa, usije ukachanganya mkojo na maji. Ukitoka, mpimaji anaangalia alama ya joto kwenye kikombe mbele yako. Mkojo usipofika mililita 45 unakalishwa hapo unywe maji, hata kwa saa 3. Tangu 2020 vipimo vya kushtukiza vinatakiwa vifikie nusu ya idadi ya madereva kila mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa robo. Silalamiki. Naendesha gari la tani 36 katikati ya magari yenye watoto ndani, na jamii ina haki ya kujua kama niko timamu. Lakini si jambo dogo, hata kwa anayelikubali.

Wabunge wanalijua hilo. Georgia ilitunga sheria mwaka 1990 ya kuwapima wagombea wa nyadhifa za jimbo, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta kwa kura 8 dhidi ya 1. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwamba jimbo halikuonyesha hatari yoyote ya kweli, kwamba kipimo kilikuwa cha ishara tu, na Marekebisho ya Nne ya Katiba hayaruhusu mwili wa mtu upekuliwe kwa ajili ya ishara. Sina ugomvi na hukumu hiyo. Kinachoniuma ni kwamba kinga hiyo ilikuwapo tayari kwa wanasiasa kwa miaka 14 pale Florida ilipomtungia sheria mzazi asiye na kipato. Haendeshi lori wala treni, hakushukiwa kosa lolote, kosa lake ni umaskini. Ilibidi mzazi mmoja, baba aitwaye Luis Lebron, aende mahakamani, na mahakama ya rufaa ikamaliza shauri Desemba 2014 kwa kuikataa sheria hiyo.

Kwa hiyo hoja ya gharama iwekwe kando. Anayeona heshima yake haimruhusu kushika kikombe asimshikishe mwenzake. Anayeona kipimo ni cha lazima kwa maskini atangulie yeye, kwa hiari yake, na alipie kutoka mfukoni mwake kama walivyolipa wale wazazi wa Florida. Jambo hili linawezekana. Indiana mwaka 2012 bunge lilipoongeza kifungu cha kuwapima wabunge katika mswada wa kuwapima wapokea msaada, aliyeuleta aliuondoa, kisha akaurudisha siku chache baadaye wabunge wakiwa wamo.

Mswada wa namna hiyo ukiletwa hapa Ohio, sisi wapiga kura tumpigie simu kila mmoja mbunge wake, tumwombe adai kifungu hicho kabla ya kusema ndiyo.

Dereva wa lori,
Columbus, Ohio