Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Mpasua-mbegu

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mlikubali tumfuatilie ndege mmoja tu, mkamchagua mpasua-mbegu mdogo: uso mwekundu, mwili wa kahawia, makazi yake mashariki na kusini mwa Tanzania, Malawi, Msumbiji na mashariki mwa Zimbabwe. Wapo walioonya kwamba hujificha mno. Ni kweli. Safari tatu za kwanza hatukumwona.

Safari ya nne, mwezi wa nane, saa moja asubuhi kando ya kijito pale msitu unapoishia, tulimsikia kabla ya kumwona. Tak. Kimya. Tak. Dume alikuwa ameng'ang'ania bua la ndago, akiizungusha mbegu mdomoni mpaka ikae sawasawa, kisha akaibana na maganda yakadondoka majini. Niliokota mbegu ya bua lile, nyeupe, inang'aa kama ushanga, nikaijaribu kwa jino. Haikupasuka.

Binamu yake mwenye tumbo jeusi, wa Uganda, Kongo hadi Afrika Magharibi, ndiye aliyechunguzwa zaidi. Mtafiti Thomas B. Smith alimfuatilia nchini Kamerun tangu miaka ya 1980, akakuta kuna wenye mdomo mpana na wenye mdomo mwembamba, madume kwa majike, na wanaoana bila kubaguana. Makinda wa kiota kimoja huweza kutofautiana hivyo. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kuwa tofauti hiyo inahusiana na jeni ya ukuaji, IGF1. Mvua zikiwepo wote hula ndago laini. Kiangazi chakula kikipungua, wenye mdomo mpana huhamia kwenye ndago ngumu, wembamba hubaki kuhangaikia laini.

Ndiyo maana jambo la Oktoba limeniuma. Tuliporudi, ukingo ule ulikuwa umefyekwa kwa ajili ya bustani ya mboga. Simlaumu aliyefyeka; majani ya ndago yanakata kama wembe, na kwake lile ni pori. Lakini sisi tumepanda miti kila mwaka bila hata kuitazama ndago. Kamati inaomba nusu ya fedha za miche itumike kuzungumza na wakulima wa bondeni, waache ukanda wa ndago kando ya maji, walau mpaka mvua zirudi.

Mhazini atasoma hesabu baada yangu. Daftari la ndege lipo mezani. Aliyeona chochote kule kijitoni aandike kabla hajaondoka.